Kuicheza Upya Gemu Uipendayo kwa Masharti Magumu ya Kujiwekea: Mwongozo Kamili

The Legend of Zelda: Breath of the Wild nimeimaliza mara nyingi kiasi kwamba mikono inacheza yenyewe huku akili iko kwingine. Najua adui gani amejificha wapi, najua mlima upi unapandika hata mvua ikinyesha. Bado naipenda gemu hii, ila kuicheza kwa njia ile ile kulikuwa kumeanza kufanana na kufua nguo: kazi inaisha, lakini huna cha kumsimulia mtu. Siku moja nikajiwekea sharti dogo tu: pambano likishaanza, sili kitu hadi liishe. Jioni hiyo Lynel mmoja, mnyama niliyezoea kumpita kama mlango ulio wazi, aliniua mara 9. Kufikia mara ya 7 nilikuwa nacheka peke yangu. Mara ya 10, alipoanguka yeye, nilijikuta nimesimama.

Watu huuliza kwa nini usiende tu kwenye menyu ukachagua kiwango kigumu. Kiwango cha menyu mara nyingi humwongezea adui uhai na nguvu ya kupiga, basi. Wewe unaendelea kufanya yale yale, kwa muda mrefu zaidi. Sharti la kujiwekea linafanya kazi upande wa pili: adui anabaki alivyo, wewe ndiye unayepunguzwa, na pa kupunguza unapachagua mwenyewe. Wengi hukosea hapo, wanapunguza ovyo. Sharti linalofaa ni lile linalokunyang'anya kitu unachokiegemea bila hata kujua kwamba unakiegemea. Hatua zote zinazofuata zinazunguka jambo hilo.

Hatua ya 1: Chagua gemu uliyokwisha kuimaliza

Si gemu unayotamani kuimaliza. Ni ile uliyoimaliza, angalau mara moja. Usipoijua vizuri, ukifa hutaweza kusema kama kilichokuua ni sharti au ni ugeni wako. Pia iwe gemu yenye njia zaidi ya moja: silaha tofauti, vikosi tofauti, barabara tofauti za kufika mahali pamoja. Gemu iliyo kama ukumbi mmoja mrefu, wenye bunduki moja na maadui wanaokuja kwa zamu, ukiitolea ile bunduki hakuna kinachobaki.

Na acha kabisa kujaribu mambo haya kwenye mechi za mtandaoni za timu. Wenzako hawakutia sahihi mkataba wako. Ukiingia na kisu peke yake kwa sababu umejiapiza, kwao wewe ni mzigo.

Hatua ya 2: Tafuta mkongojo wako

Wahenga walisema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi. Kila mchezaji ana kitu chake cha kunyonga, na mara nyingi si kile anachodhani. Mimi ningeapa kwamba nguvu yangu ni upanga. Haikuwa hivyo.

Fanya hivi. Weka karatasi na kalamu pembeni, kisha cheza saa moja kama kawaida yako, bila kujirekebisha. Kila mara mambo yanapoanza kuharibika, yaani uhai umepungua, umezingirwa, umepotea njia au fedha zimeisha, andika neno moja tu: kitu cha kwanza ambacho mkono wako ulikifanya. Usiandike ulichopaswa kufanya. Saa ikiisha, hesabu.

Karatasi yangu ilikuwa na neno "begi" mara 14. Katika Breath of the Wild, ukifungua begi muda unasimama. Lynel anaganda rungu likiwa hewani, nawe unakula nyama tano za kuchoma na bakuli mbili za mchuzi, unafunga begi, unaendelea ukiwa mzima. Nilikuwa sijifunzi kukwepa kwa sababu sikuwa na haja ya kukwepa. Shujaa wangu wa kweli alikuwa mpishi.

Mikongojo niliyoikuta kwangu na kwa rafiki zangu inaangukia mafungu machache. Kuna uponyaji usio na kikomo, kama huo wa begi. Kuna kurudisha sevu, yaani mchezo uliouhifadhi: unajaribu kumshawishi mtu ndani ya gemu, anakataa, unarudi sekunde kumi nyuma unajaribu tena, na hujawahi kuishi na jibu la hapana. Kuna kujaza levo, yaani ngazi za nguvu za mhusika wako, ambapo unazunguka porini ukiua vijidudu kwa saa mbili ili bosi, yule adui mkuu, akikutana nawe awe yeye ndiye mnyonge. Kuna kupiga kutoka mbali, juu ya mwamba ambao adui hawezi kuupanda. Kwenye gemu za kusimamia timu ya mpira mkongojo ni soko la usajili. Beki akiteleza mara mbili tayari umeshafungua orodha ya kununua mwingine. Kwenye gemu za kujenga miji au himaya ni kupanuka: tatizo lolote, jibu ni kuongeza mji.

Neno lililoongoza kwenye karatasi yako ndilo sharti lako la kwanza. La pili kwenye orodha liache kwa sasa, utalihitaji baadaye.

Hatua ya 3: Chagua sura ya sharti

Ukishajua unachokiegemea, kuna namna kadhaa za kukiondoa, na kila moja inaleta mchezo wa aina yake.

Namna nyepesi kuelewa ni kunyima: kitu fulani hakiguswi. Hakuna dawa, hakuna ngao, hakuna bunduki. Mashabiki wa Resident Evil wana desturi ya zamani ya kumaliza gemu kwa kisu tu, na wanaofanya hivyo wanakuambia kwamba ghafla kila zombi anakuwa swali: nimpige, au nimzunguke nimwache hapo hapo akilinda ukumbi?

Kikomo ni ndugu wa kunyima, lakini mpole zaidi. Kitu unaruhusiwa kukitumia, kwa kiasi. Mfano maarufu ni kucheza Dark Souls (2011) kwa levo 1 mwanzo hadi mwisho. Gemu hiyo ina wahusika wa kuanzia wa aina mbalimbali, na Pyromancer ndiye anayeanza akiwa levo 1, hivyo ndiye anayechaguliwa. Ukisikia "levo 1" unadhani huyo mtu anapigana na mabosi kwa vidole. Sivyo. Sharti linafunga sifa za mwili tu; silaha bado zinaboreshwa, na moto wa Pyromancer nguvu yake inatokana na kuuboresha wenyewe, si sifa za anayeutumia. Silaha zilizogeuzwa kuwa za moto au za umeme nazo hazitegemei sifa hizo. Kwa hiyo macho ya mchezaji yanahama kutoka kwenye ile orodha ya namba za mwili, yanakwenda kwenye mfumo mwingine mzima ambao wengi tulikuwa tunaupita juu juu. Elden Ring (2022) ina Wretch, anayeanza levo 1 akiwa na rungu na pointi 10 katika kila sifa, na mambo ni yale yale. Hii ndiyo alama ya kikomo kilichochaguliwa vizuri: kinafunga mlango mmoja na kukulazimisha uone dirisha.

Namna ya tatu ni kifo cha kweli. Hapa siwezi kupita haraka, kwa sababu hapa ndipo utamaduni wote huu ulipopata sharti lake mashuhuri kuliko yote. Mwaka 2010 Mmarekani Nick Franco alikuwa akicheza Pokémon Ruby, gemu ya kukamata viumbe waitwao Pokémon na kuwapiganisha, akajiwekea sheria mbili, akawa anachora katuni za safari yake na kuzitundika mtandaoni. Katika katuni hizo Nuzleaf mmoja alifananishwa na John Locke wa tamthilia ya Lost, na kutoka hapo likazaliwa jina Nuzlocke. Sheria ya kwanza: Pokémon akizimia amekufa, unamwacha aende zake au unamfungia moja kwa moja. Sheria ya pili: katika kila eneo unaruhusiwa kumkamata yule wa kwanza tu unayekutana naye, akikuponyoka, eneo hilo limekwisha.

Watu wengi huikumbuka ya kwanza kwa sababu ina machozi. Mimi nadhani akili yote iko kwenye ya pili. Kifo peke yake kingekufanya uchague wale wale sita uwapendao, kisha ucheze kwa woga ukiwafunika kwa pamba. Sheria ya pili inakupokonya chaguo hilo. Unapewa panya, nondo na samaki usiyemtamani, na baada ya saa tano huyo samaki ameokoa kikosi kizima mara mbili na huwezi kumtazama kama zamani. Wachezaji waliofuata wakaongeza desturi ya kumpa kila mmoja jina. Haionekani kuwa na uzito mpaka siku unapomzika mwenye jina.

Baadhi ya gemu zina kifo cha kweli ndani yake tayari. Minecraft ina hali ya Hardcore, ambapo ugumu hufungwa kwenye kiwango cha juu na ukifa huwezi kurudi tena kuishi katika dunia hiyo. XCOM: Enemy Unknown (2012) ina Ironman, yenye sevu moja inayojiandika yenyewe, kwa hiyo askari aliyekufa kwa uzembe wako amekufa. Kama mkongojo wako ni kurudisha sevu, anza na hizi. Gemu inakushikia nidhamu ambayo wewe huna.

Nne, kura. Sharti unaliandika wewe, lakini maudhui yake yanaamuliwa na bahati. Wapenzi wa Final Fantasy V, gemu ya mwaka 1992, wana tukio la kila mwaka liitwalo Four Job Fiesta, ambapo kila mchezaji hupangiwa kazi nne, yaani aina za wapiganaji, kwa bahati nasibu, moja kwa kila fuwele ya gemu, na lazima amalize na hizo tu, huku fedha zikichangishwa kwa ajili ya hisani. Anayepata Berserker anapata mpiganaji asiyesikia amri, anayepiga anavyotaka. Kura inawafaa wale ambao, kama mimi, wakiachiwa wajichagulie sharti watachagua lile wanalolijulia. Dadu ya kawaida inatosha.

Tano, lengo geni: hunyimwi kitu, ila unapewa mwisho mwingine wa kuufikia. The Sims ina Legacy Challenge, ambapo unaanza na mtu mmoja kwenye kiwanja kitupu na unatakiwa kuvusha ukoo hadi kizazi cha 10. Civilization V ina chaguo la kucheza mchezo mzima na mji mmoja. Na gemu nyingi za kujificha zinamalizika bila kuua mtu.

Hatua ya 4: Chunguza sharti linakwenda kugonga wapi

Kabla hujaapa, kaa chini ufuatilie athari. Sharti moja huvuta kamba nyingine ambazo hukuziona.

Swali la kwanza ni kama jambo lenyewe linawezekana. Katika The Legend of Zelda ya mwaka 1986, upanga wa pangoni mwanzoni si lazima uuchukue. Unaweza kusafiri gemu karibu yote bila upanga, ukitumia mabomu, mishale na mishumaa, hadi ufike kwa Ganon, bosi wa mwisho. Hapo unakwama, kwa sababu Ganon haguswi bila upanga. Mtu asiyejua hilo ataumia wiki mbili kisha agonge ukuta. Anayejua ataandika tangu mwanzo: "bila upanga hadi mlangoni kwa Ganon", na safari yake itakuwa na mwisho.

Swali la pili ni nini kingine kinafungwa. Katika Breath of the Wild niliwahi kuamua nitabaki na mioyo 3 (vipimo vya uhai) ile ya kuanzia. Ni sharti zuri na gemu inalikubali, maana ukishuka tu kutoka uwanda wa mwanzo unaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwa bosi wa mwisho. Ila Master Sword haung'oki mpaka uwe na mioyo 13. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilijikuta nimejinyima upanga maarufu kuliko yote bila kukusudia. Ilikuwa ajali njema, lakini ilikuwa ajali.

Swali la tatu ndilo linalowaumbua watu: je, sharti linafanya gemu iwe ngumu kweli? Final Fantasy VIII ya mwaka 1999 ni mtego mzuri. Unajiambia hutapanda levo, unajiona jasiri. Kumbe katika gemu hiyo levo za maadui zinapanda pamoja na za kikosi chako, ilhali nguvu zako nyingi zinatokana na uchawi uliofungamanishwa na sifa zako. Ukibaki chini, maadui nao wanabaki chini, nawe unazidi kujilimbikizia uchawi. Umejitangazia kufunga huku unakula kwa mkono wa kushoto. Resident Evil 4 (2005) nayo hurekebisha ugumu kimyakimya kulingana na unavyofanya: ukifa sana inakuhurumia. Kwenye gemu kama hiyo, sharti linalokuua kila dakika linaweza kukupatia maadui wapole kuliko waliotangulia. Zima marekebisho hayo kama menyu inaruhusu, au chagua kiwango ambacho hayafanyi kazi.

Hatua ya 5: Andika, na ueleze maana ya kila neno

Sharti lililo kichwani si sharti, ni hamu. Kichwa kitalikunja saa saba usiku ukiwa umebakiwa na tone la uhai. Liandike.

Ukiandika utagundua kwamba maneno rahisi si rahisi. Mfano ninaoupenda unatoka kwa Super Mario 64 (1996). Kuna watu waliojitwika kazi ya kumaliza gemu hiyo kwa kubonyeza kitufe cha A mara chache iwezekanavyo, na A ndicho kitufe cha kuruka. Mwaka 2016 mmoja wao, anayejulikana kama pannenkoek2012, alitoa video akieleza nyota moja aliyoipata kwa "nusu" ya kubonyeza. Wengi walicheka. Maelezo yake yalikuwa ya kihasibu kabisa: kubonyeza kuna sehemu tatu, yaani kushuka kwa kitufe, kukishikilia, na kukiachia. Kama hatua hiyo inahitaji tu kitufe kiwe kimeshikiliwa, unaweza kuingia nacho tayari kimebonyezwa tangu nje, na ukicheza gemu nzima mfululizo, hapo hapana kubonyeza kupya. Ukitaka kujua maana ya kufafanua sharti, ndiyo hiyo.

Kwako haitafika huko, lakini jibu maswali haya kwa maandishi. "Kupigwa" ni kupungua uhai, au hata kugongwa ngao? Kuanguka kutoka juu kunahesabiwa? "Bila dawa" kunahusu na hirizi inayoponya polepole? Katika Elden Ring kuna hirizi iitwayo Radagon's Soreseal, inayoongeza pointi 5 kwenye sifa nne huku ikikufanya uumie zaidi ukipigwa. Anayecheza kwa levo 1 aamue mapema kama kuivaa ni halali. Gemu ikikulazimisha kutumia kitu ulichojinyima, mfano katika sehemu ya mafunzo, utafanyaje? Umeme ukikatika katikati ya pambano la mwisho, je?

Wachezaji wa Nuzlocke walijifunza haya kwa kuumia, ndiyo maana leo wana vifungu vinavyojulikana. Kimoja kinasema ukikutana na mnyama ambaye tayari unaye, hahesabiwi, endelea kutafuta. Bila hicho nusu ya kikosi ingekuwa popo watupu. Wale wakali zaidi huongeza kwamba levo zako zisizidi ya mnyama mkubwa wa kiongozi anayefuata, yaani bosi utakayepambana naye, na kwamba hakuna kutumia vitu vya begi ndani ya pambano.

Mkataba wangu wa kwanza, baada ya kurekebishwa, ulisomeka hivi:

"Nikigundulika na adui, sifungui begi kwa ajili ya chakula wala dawa hadi wote wawe wamekufa au wamenipoteza. Kubadilisha silaha ni ruhusa. Kukimbia ni ruhusa, na nikishapotezwa naweza kula. Kizimwi cha kufufua kinachojiamsha chenyewe nikiishiwa uhai hakiruhusiwi. Nisiwe nacho begini. Gemu ikizimika yenyewe narudi sevu ya mwisho bila adhabu."

Sentensi sita. Ukiona wako unafika ukurasa, una sharti zaidi ya moja.

Hatua ya 6: Saa tatu za majaribio

Anza faili jipya, lipe jina la majaribio, na ucheze saa tatu ukijua kwamba halihesabiwi. Unatafuta jibu la swali moja: sharti linanifikirisha, au linanichelewesha?

Tofauti inaonekana haraka. Niliwahi kujikataza kusafiri haraka kwa ramani katika gemu yenye dunia kubwa na tupu. Ikawa ni kusukuma kijiti mbele kwa dakika kumi na mbili, kuuza ngozi, kurudi dakika kumi na mbili. Hakuna uamuzi niliofanya ambao nisingeufanya vinginevyo. Sharti hilo hilo katika gemu ambayo njia zake zina wavamizi na chakula kinaisha njiani lingekuwa utamu, kwa sababu kila safari ingekuwa mpango: nibebe nini, nilale wapi, nipite bondeni au mlimani.

Kosa jingine la kawaida ni kurundika. Mara ya pili kujaribu mambo haya nilikuwa na masharti kumi, mengine ya kujionyesha tu, na kufikia siku ya pili nilikuwa nasoma karatasi kuliko kucheza. Anza na moja. Likishakuwa mazoea, ongeza.

Na kama katika saa tatu hujafa wala kubanwa hata mara moja, umejinyima kitu ambacho hukuwa ukikihitaji. Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 2.

Hatua ya 7: Cheza

Kazi nyingi huhamia kabla ya pambano. Ukiwa na dawa zisizo na idadi unaingia kwanza, unafikiri baadaye. Usipokuwa nazo unasimama mlangoni. Jizoeze kuuliza mambo matatu hapo: nitatokea wapi mambo yakiharibika, silaha ipi nianze nayo, na adui yupi afe kwanza.

Bosi akikushinda, tenga maisha mawili au matatu ya kutazama tu. Usimpige hata kidogo. Mzunguke, hesabu mapigo yake, sikiliza sauti anayotoa kabla ya kuruka. Ndivyo nilivyompata yule Lynel: nilikuwa nimepigana naye miaka yote bila kujua kwamba kila pigo lake lina ishara ya bega, na kwamba ukiruka pembeni kwa wakati wake muda unapungua kasi na unapata kumchapa mfululizo. Gemu ilinifundisha jambo hilo saa za mwanzo kabisa. Nilikuwa sijawahi kulihitaji. (Kwa kifo cha kweli ushauri huu haufai, bila shaka, huko fanya utazamaji kwenye faili la majaribio.)

Ukicheza kwa kifo cha kweli, hatari kubwa si bosi. Bosi unamwogopa, unajiandaa. Mchezaji wa Minecraft aitwaye Philza aliitunza dunia moja ya Hardcore kwa miaka 5, na mwaka 2019 aliipoteza mbele ya watazamaji wake, si kwa joka, bali kwa zombi mtoto akisaidiwa na maadui wengine wa kawaida. Kamba hukatikia pembamba. Kwa hiyo usicheze ukiwa na usingizi, usicheze huku unaongea na simu, na ukijikuta unasema "haka kadogo tu", simama unywe maji.

Hatua ya 8: Siku utakapovunja

Utavunja. Kidole kitateleza, au roho itachoka. Amua kabla, wakati umetulia.

Kuvunja kwa bahati mbaya, mfano umebonyeza kitufe cha dawa ukidhani ni cha kukwepa, kuna fidia: tupa dawa tano, au rudi kituo kilichopita. Iandike fidia kwenye mkataba. Kuvunja kwa makusudi ni jambo jingine, na sina ukali nalo. Hakuna refa hapa. Ila usijidanganye kwamba hujavunja. Andika "nilivunja sehemu fulani" na uendelee ukipenda. Safari yenye doa lililoandikwa bado ina hadithi.

Kisha kuna sharti bovu, ambalo kosa si lako. Kulitofautisha na uchovu nina kanuni moja: kukaza sharti ni ruhusa wakati wowote, kulilegeza ni mwanzoni mwa siku inayofuata tu. Ukiamka asubuhi, umekula, una akili timamu, na bado unaona kifungu kile hakina maana, kifute bila aibu. Mara nyingi utaamka na kukuta ulikuwa na hasira tu.

Ukigundua kwamba wiki nzima unafungua gemu kwa kulazimika, acha. Hifadhi faili. Linaweza kukungoja mwaka.

Kumbukumbu weka fupi: tarehe, mahali, kilichokuua, ulichojifunza, mstari mmoja kwa kila kikao. Mwenye kupenda kurekodi video arekodi, lakini daftari linatosha, na husomeka vizuri zaidi baadaye.

Hatua ya 9: Karatasi ya pili

Ukimaliza, usirukie sharti jipya. Rudia ile saa moja ya hatua ya 2: gemu ile ile, masharti yote yamefunguliwa, karatasi pembeni. Yangu ya pili ilikuwa na neno "begi" mara 2 tu. Lililoongoza sasa lilikuwa "upinde", mara 11. Katika Breath of the Wild ukivuta upinde ukiwa hewani muda unakwenda polepole, na mimi nilikuwa nimeanza kuruka kutoka kila jiwe lililokuwa karibu kila adui aliponikaribia, nikining'inia hapo juu nikichagua pa kupiga kwa raha zangu.

Kwa hiyo sasa napiga mishale miguu ikiwa chini. Lynel ameshaniua mara 6.